Uzi maalumu: Ukienda Unguja kusalimia ndugu, omba utumwe mkate

#1 Mjomba wa Kikwajuni

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haupiti mwezi bila mtu kuuliza, "Naenda Zanzibar, nile wapi?" Jibu linalorudi ni moja: Forodhani. Sina ugomvi na Forodhani. Bustani nzuri, upepo wa bahari, pweza na kamba wamepangwa mezani, watoto wanaruka majini jioni. Aliyefikia hotelini akienda pale hajapotea. Ila wengi wetu hatufikii hotelini. Tunafikia kwa dada aliyeolewa kule, kwa shemeji, kwa baba mdogo aliyehamishiwa kikazi. Uzi huu ni wetu sisi.

Mimi kwetu Mwanza. Dada yangu kaolewa Unguja, wanakaa Kikwajuni, na watoto wa pale mimi ndiye mjomba wao. Ushauri wangu mkubwa ni huu: ukishafika, ukasalimia, ukapumzika, usikae kusubiri kuitwa mezani. Omba utumwe mkate.

Bara tumezoea mkate ni kitu kimoja, kiko kwenye mfuko wa nailoni, kimekatwa slesi, unakichukua duka lolote. Unguja mikate iko aina nyingi, na kila aina ina saa yake, mtaa wake na mtu wake. Hata familia inayopika vizuri kabisa haioki yote. Inanunua, na ina pa kununua pake ambapo haipabadilishi. Shemeji yangu anapita maduka njiani haangalii pembeni, anakwenda kwa mtu aliyekuwa akimuuzia marehemu baba yake. Kwa hiyo ukitumwa mkate unapewa ramani ambayo hakuna mwongoza watalii atakayekupa.

Asubuhi ni boflo. Mkate mdogo mrefu, ganda kavu, ndani laini. Wauzaji wanaupitisha mitaani kwa baiskeli, na ukidamkia tanurini baada ya swala ya alfajiri unaupata ukiwa unaunguza vidole. Nyumbani kwa dada unaliwa na chai ya maziwa yenye iliki, au unachovywa kwenye mbaazi za nazi. Mimi nashauri siagi iache. Ganda la boflo lililolowa tui la mbaazi halihitaji msaada.

Ajemi ni mkate mpana, mwembamba. Unabandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo, ukivimba na kupata madoa unabanduliwa. Huu ni wa supu. Supu ya ng'ombe, ndimu, pilipili mbichi, na ajemi wa moto unaouchana kwa mkono. Mofa nao unataka tanuri la udongo, ila ni mdogo, wa duara, mnene kidogo. Mofa wa asili ni wa unga wa mtama, siku hizi mwingi utaukuta wa ngano. Ukibahatika kuupata wa mtama, ule na samaki.

Sasa mkate wa ufuta. Hapa naomba mnivumilie, maana huu nataka niukalie.

Jirani wa dada, mama mtu mzima, anaupika jioni nje ya mlango wake, kwa oda. Unga wa ngano, tui zito, hamira, yai, chumvi. Mchanganyiko wake si donge la kusukuma kama la chapati, na si uji. Ni mzito wa kuvutika, anaupiga kwa kiganja mpaka unaanza kutoa mapovu, kisha anaufunika uumuke. Kikaango cha chuma kinapata moto mkavu. Mafuta hayatiwi hata tone. Analowesha mkono kwa maji, anachota, anatandaza kwa vidole vilivyolowa mpaka pembeni, ananyunyiza ufuta. Chini kukishashika na juu kukitoboka vitundu vidogo, anafanya jambo ambalo mgeni lazima asogee kutazama: anakiinua kikaango kwa mpini na kukipindua, kichwa chini miguu juu, juu ya mkaa. Mkate hauanguki. Kwa kuwa hakuna mafuta, umeng'ang'ania chuma, na ule uso wenye ufuta unatazamana na makaa mpaka unapiga rangi. Anauzungusha pole pole kila upande uivie sawa. Halafu anaupenyezea kisu, unabanduka, anaupaka samli ukiwa bado unafuka.

Nilimuuliza kwa nini asiufunike kwa mfuniko wenye makaa juu, kama wanavyofanya mikate mingine. Akanijibu, "Ufuta mwanangu unataka uone moto wenyewe." Na kweli, harufu inayotoka pale mtaa mzima unajua kwa Bibi leo kunapikwa.

Mkate wa kumimina ndio ninaoupenda kuliko yote. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na tui, iliki na hamira, unatiwa sukari, unaachwa uumuke, kisha unamiminwa chomboni na kupikwa moto chini moto juu. Ukiukata ndani una nyuzi na vitundu, na uso wake umepata wekundu. Asiyeujua anadhani ni keki. Hauna ngano kabisa.

Na hapo ndipo ninapoupendea mji huu. Unguja hawalimi ngano. Unga umekuja kwa jahazi na meli miaka yote, na watu waliokuja nao wamekuja na matanuri yao. Tanuri la udongo la kubandika mkate ukutani utalikuta Iran, Oman, Yemen mpaka India. Mkate wa ufuta wa tui Wangazija, watu wa Komoro, wanao kwao, na mkate wa sinia pia. Halua ni ya Oman. Kachori na bajia za Wahindi. Mchele na nazi ni vya pwani yenyewe. Vyote hivyo dada yangu, msichana wa Kanda ya Ziwa aliyekulia ugali wa muhogo na sato, anavitandika kwenye mkeka mmoja siku ya Ijumaa.

Mambo ya mchana, urojo na kahawa nitashusha chini. Karibuni.

#2 Mama Wawili

Mjomba, asante kwa uzi mzuri. Mimi nakwenda kwa wifi yangu Mwembetanga na watoto wawili. Naomba unisaidie mawili. Mchana tukiwa mjini tule wapi chakula cha kawaida, si cha bei ya watalii? Na huo urojo, watoto wataweza?

#3 Mjomba wa Kikwajuni

Mama Wawili, karibu sana.

Mchana nenda Lukmaan, Mkunazini. Wageni wanaijua, ni kweli, lakini wenyeji hawajaiacha, na hicho ndicho kipimo changu. Vyakula viko mbele yako, unaonyesha kwa kidole: pilau, biriani, wali wa nazi, pweza wa nazi, samaki wa kupaka. Watoto watachagua wenyewe kwa macho. Ukitoka hapo uko jirani na lile kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Watoto wakiwa wakubwa kidogo wapeleke. Upande wa Malindi, karibu na bandari, kuna Passing Show, nayo ya miaka mingi, pilau yake na biriani wafanyakazi wa mjini wanapanga foleni.

Urojo wataweza, ila agiza wao bila pilipili, na wewe weka yako. Huo ni mlo wa jioni wa mtu mwenye njaa ya kweli. Kuna mchuzi mwepesi wa manjano, uzito wake unatokana na unga na uchachu wake ni wa embe bichi au ndimu. Ndani vinaingia viazi, bajia ndogo, kachori, mishkaki, yai ukitaka, juu chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo zilizochanwa nyembamba. Anza kula mara moja. Zile chipsi zikikaa zinalainika, na nusu ya raha ya urojo ni kukutana na kitu kinachovunjika ndani ya kitu kinachoteleza.

Ninapokula mimi ni kwa mama mmoja wa mtaani, hana kibao. Muulize wifi yako. Kila Mzanzibari ana mtu wake wa urojo na atamtetea huyo mpaka usiku.

#4 Karafuu Kavu

Nimesoma kwa utulivu, mjomba umeandika vizuri, lakini halua umeitaja kwa neno moja ukapita. Sisi wa Pemba hatuwezi kunyamaza.

Halua nenda Wete. Ni wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na lozi au korosho, lakini hiyo ni orodha tu. Kazi ni kuikoroga. Chungu kikubwa, moto wa kuni, mtu amesimama na mwiko mrefu saa kadhaa hapumziki, maana akiacha inashika chini na chote kimeharibika. Nimekulia nyumba ya jirani na wapikaji, najua mikono yao ilivyo. Halua nzuri inang'aa, inavutika, na samli inajitokeza juu bila kuchuruzika. Ukiibonyeza inarudi. Ikikatika kama sabuni, hiyo iliharakishwa.

Na hailiwi na soda! Ni kahawa chungu, vikombe vidogo visivyo na mkono.

#5 Mjomba wa Kikwajuni

Karafuu Kavu, nimekubali na nashukuru. Hicho kipimo cha kuibonyeza sikuwa nacho, nimekihifadhi.

Kwa wasiofika Pemba, halua na kahawa mnaweza kuzipata Mji Mkongwe. Kahawa nzuri ya baraza iko pale Jaws Corner, jioni wazee wanacheza bao na dhumna, redio inaongea, siasa zinachambuliwa. Salimia kwanza, "Assalamu aleikum," kaa, kisha agiza. Ukifika na simu juu unapiga picha watu watakuvumilia, lakini mazungumzo hutayapata.

#6 Mtoto wa Kibokoni

Wadau, Mombasa tupo. Naona Unguja mnajipa sifa zote na sisi tuna mji wa kale wetu.

Ushauri wa mjomba wa kutumwa mkate unafanya kazi kwetu vilevile, ila huku asubuhi mwulize mwenyeji wako mahamri yananunuliwa kwa nani. Mahamri na mbaazi za nazi ndio asubuhi ya Mombasa. Hamri zuri limeumuka mpaka ndani lina uwazi, unalipasua unalijaza mbaazi. Jioni ni viazi karai, vile viazi vya kuvikwa unga wa manjano na kukaangwa, na chatne ya ukwaju. Ukipita barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, kuna mihogo ya kuchoma na ya kukaanga, ndimu na pilipili ya unga.

Mikahawa ya zamani ipo pia. Recoda ya tangu miaka ya 1940, chakula cha Kiswahili. Blue Room ya Haile Selassie Road, sambusa na bajia, wazazi wetu walipelekwa kule kula aiskrimu. Na Makadara usipite bila kujua kwamba pale ni kwa Wabaluchi, watu waliokuja na Waomani kama askari wakabaki, na biriani za harusi zao mtu akialikwa hakatai.

Mkate wa sinia wetu na kumimina yenu ni ndugu wa tumbo moja. Mkate wa mayai ndio naona mmeusahau.

#7 Bint Kariakoo

Swali kwa wote. Mimi nimezaliwa Dar, bibi yangu Mzanzibari. Bibi alikuwa akisema boflo ya zamani na ya sasa si moja. Ni maneno ya wazee tu au kuna ukweli? Maana sasa hata Unguja naona mikate ya kiwandani imejaa madukani.

#8 Mjomba wa Kikwajuni

Bint Kariakoo, umegusa jambo linaloniuma.

Bibi yako hasemi ovyo. Mkate wa kiwandani unatengenezwa ukae siku kadhaa dukani, uwe laini kila siku, ukatike sawa. Ule wa tanuri la mtaani unatengenezwa uliwe leo. Jioni umeshakauka, na kwa hiyo mwokaji hana njia ila kuoka tena kesho alfajiri. Hiyo ndiyo tofauti, na inagusa ladha moja kwa moja, kwa sababu unga ulioachwa uumuke pole pole usiku haulingani na uliokimbizwa.

Silaumu kiwanda. Mkate wa mfuko umewasaidia watu wengi wasio na muda, na hata Bakhresa mwenyewe ni mtoto wa Zanzibar aliyeanza na mgahawa mdogo Dar miaka ya 1970 kabla ya viwanda vya unga. Ninachosema ni kwamba tanuri la mtaani halina tangazo. Linaishi kwa sababu kuna watoto wanatumwa asubuhi na hela mkononi. Mtaa ukiacha kutuma watoto, linafungwa, na likishafungwa hakuna anayejenga jingine, kwani kuni ni ghali na kijana hataki kuamka saa tisa usiku kukanda unga. Mtaa wa pili kutoka kwa dada lilikuwepo moja, sasa ni duka la vifaa vya simu.

Ndiyo maana nawaambia wageni waende na hela zao kule. Mimi nikiwa Kikwajuni, mkate wa nyumba ile wiki nzima nanunua mimi. Shemeji alikataa mwanzoni, mgeni hatoi. Nikamwambia mimi si mgeni, ni mjomba. Akacheka, yakaisha. Sasa mpwa wangu ndiye ananiamsha, tunakwenda wote, na yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua mikate ya nyuma ya tanuri, ile iliyokaa karibu na moto, maana ganda lake lina rangi zaidi.

#9 Ilala Boma

Mkuu, vipi kuhusu Ramadhani? Nimepangiwa kazi kule mwezi huo na nina ndugu Kwahani.

#10 Mjomba wa Kikwajuni

Ilala Boma, una bahati, ila ujipange. Mchana wa Ramadhani migahawa ya wenyeji inafungwa na kula hadharani ni kukosea watu, hata kama wewe hufungi. Kunywa maji yako ndani.

Kuanzia alasiri ndipo mji unapoamka. Elekea Darajani, lile jengo la soko la mwaka 1904 na mitaa inayolizunguka. Meza zinatokea pembeni mwa barabara: kumimina, ufuta, ajemi, mofa, sambusa, katlesi, kaimati zilizoviringishwa kwenye shira, vibibi vya mchele. Mikate ambayo siku za kawaida unaitafuta kwa oda, mwezi huo inakufuata. Nenda mapema, maana adhana ya magharibi ikikaribia vizuri vyote vimeshachukuliwa.

Kubwa zaidi: ukialikwa futari Kwahani, usiende mikono mitupu na usipeleke juisi ya boksi. Peleka mkate wa kumimina mzima na tende. Utaona utakavyopokewa.

#11 Mswahili wa Muscat

Nawasoma nikiwa Oman. Wazee wetu wengi hapa walizaliwa Unguja na Pemba, wakaondoka baada ya 1964, na wengine miaka ya baadaye. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha jikoni. Ramadhani wanawake wa Kizanzibari wanauza mikate ya kumimina, mandazi na urojo kutoka majumbani mwao, na Waarabu wenzetu wasiojua neno la Kiswahili wanaagiza kwa majina hayo hayo.

Mimi nikienda Unguja kwa shangazi, siku ya kwanza silali mchana. Nakwenda moja kwa moja kwa ajemi na supu. Mjomba, swali langu ni la vitendo. Nikitaka kurudi na mikate, ipi inavumilia safari?

#12 Mjomba wa Kikwajuni

Mswahili wa Muscat, hili nimelijaribu na boti ya kwenda Dar na kisha basi mpaka Mwanza, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Kumimina acha. Una tui, joto la safari linauchachusha, ukifungua mfuko unasikia harufu kabla hujauona. Ufuta unafika siku hiyo hiyo tu, ukiufunga ukiwa umepoa kabisa. Ukiufunga wa moto unatoa jasho na ufuta wote unadondoka. Mofa unavumilia kuliko yote kwa kuwa ni mkavu. Ukifika unaunyunyizia maji kidogo na kuurudisha kwenye kikaango kikavu, unaamka. Ajemi nao vilevile, ila siku moja.

Vinavyokwenda mbali bila wasiwasi ni halua, visheti na kashata. Halua mwambie muuzaji unasafiri, atakufungia vizuri samli isivuje kwenye nguo.

#13 Mama Wawili

Mjomba, mrejesho. Tumefika kwa wifi juzi. Leo alfajiri nimeomba nitumwe mkate kama ulivyosema, wifi akashangaa, akanipa mwanawe anipeleke. Tumeleta boflo kumi na ajemi, tumekutana na majirani watatu njiani na wote wamenialika. Mama mkwe wa wifi kauliza nani kanifundisha. Kwa kesho jioni tumeweka oda ya mkate wa ufuta kwa mama mmoja nyuma ya msikiti, nitasimama nitazame akipindua kikaango.

#14 Mjomba wa Kikwajuni

Mama Wawili, umenifurahisha sana. Kesho wahi kabla hajamaliza kuupiga unga, na muombe akuonyeshe uzito wake kwa mkono wako. Kwa macho hautaujua. Na kaa upande upepo unakotoka, moshi wa ufuta ukidondokea mkaa unachoma macho.